Maisha ya Kamanthe Ngui, Aliyepima Chumvi ya Bahari (1971–2025)

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kithimani, na nyinyi mliotoka Kangundo asubuhi hii, poleni na asanteni kwa kufika. Mimi ni Ndinda, mdogo wake marehemu. Dada yangu aliniomba niandike haya wakati bado alikuwa na sauti, na akanipa sharti moja. "Usiende kuwaambia nilikuwa naangalia samaki," alisema. "Waambie nilikuwa napima chumvi. Na uwaeleze vizuri, waelewe." Nitajaribu.

Kamanthe Ngui alizaliwa tarehe 9 Februari 1971 kijijini Kikambuani, Kangundo. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ngui Nzioka na marehemu mama yetu Mutindi. Mbele yake alikuwa kaka yetu Justus, na nyuma yake nikafuata mimi. Wazazi wetu waliishi kwa kahawa na ndizi. Kamanthe alikuwa mtoto mkimya ambaye mtu angeweza kudhani hayupo nyumbani, kumbe ameketi nyuma ya jikoni anaangalia siafu. Baba alipenda kusimulia siku moja ya msimu wa kahawa, Kamanthe akiwa na miaka saba hivi. Walikuwa wamepeleka kahawa kiwandani, na yeye akasimama pale ambapo maji ya kuoshea kahawa yalimwagika kwenye kijito, mekundu na yenye harufu. Akamwuliza baba, "Haya maji yanaenda wapi?" Baba akamjibu, "Yanaenda huko chini." Akauliza tena, "Na huko chini kuna nani?" Baba alisema kwamba walitembea mpaka nyumbani mtoto akingoja ajibiwe.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini na akawa katika kundi la kwanza kabisa la mtihani wa KCPE, mwaka wa 1985. Alipata nafasi katika shule ya wasichana ya bweni karibu na mji wa Machakos, na mwaka wa 1989 akawa tena katika kundi la kwanza la KCSE. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka kwamba serikali ilikuwa inamjaribia mitihani. Mwaka wa 1991 aliingia chuo kikuu Nairobi kusomea elimu ya wanyama, akafuzu mwaka wa 1995. Akiwa huko ndipo alipoiona bahari mara ya kwanza, katika safari ya wanafunzi. Aliporudi likizo tulimzunguka jikoni, tukitaka kusikia habari za ukanga, yaani bahari, maana hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kufika. Akamwambia mama, "Mwaitu, ni kubwa, na hakuna mtu." Tulingoja aendelee. Akachukua kisu akaanza kumenya ndizi.

Januari 1996 aliajiriwa kufundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Kithimani. Wako wanafunzi wake waliofika leo, na nawaona wengine wana mvi. Mwaka huo huo afisa wa mifugo aitwaye Bonface Nthiwa alialikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu kupe na magonjwa ya ng'ombe. Shemeji Bonface husema kwamba wanafunzi walisinzia wote, na aliyeuliza maswali mpaka kengele ikalia alikuwa mwalimu. Juma lililofuata alirudi bila kualikwa. Walifunga ndoa katika kanisa letu la hapa Kithimani Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Henry, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 2000.

Mwaka wa 2003 Kamanthe alipata ufadhili wa kurudi chuoni kwa shahada ya pili, na alipomaliza mwaka wa 2005 akaajiriwa na taasisi moja ya utafiti wa bahari huko Pwani. Nyumbani kulikuwa na maneno mengi wakati huo. Mama alisema mke haendi kazi ya kulala nje ya kwake. Shemeji Bonface aliomba likizo bila mshahara, wakaenda wote pamoja na mtoto. Walikaa karibu mwaka mmoja. Kule hakukuwa na kazi ya mtu anayejua ng'ombe wa Yatta, na lile joto lilimtoa Bonface vipele mwili mzima. Henry akawa haachi kukohoa. Hawakugombana. Siku moja Bonface alisema tu, "Mama Henry, mimi hapa ni kama kiti." Kamanthe akamwambia, "Rudi na mtoto. Nitakuwa nakuja."

Na alikuja. Kila Desemba, kila Pasaka ikiwezekana, na mwezi wa nane Henry akifunga shule. Siku zingine zote waliongea kwa simu jioni, kuku wakiingia bandani. Waliishi namna hiyo mpaka Henry akamaliza shule, akasomea umeme, akaenda kazi Doha. Watu walizoea kuuliza, "Na yule bibi yako wa Mombasa yuko?" Bonface alizoea kujibu, "Yuko."

Sasa nifike kwenye kazi ambayo dada yangu aliniambia niieleze vizuri.

Mwaka wa 2017 kilijengwa kiwanda cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari katika kijiji kinachoitwa Chimbweni, kusini mwa Mombasa. Visima vya huko vilikuwa vimeingiwa na chumvi, hata chai ya maji yake haikunyweka. Kiwanda kinavuta maji ya bahari na kuyasukuma kwa nguvu kwenye vichujio, upande wa pili yanatoka maji matamu. Lakini chumvi haipotei. Inabaki katika maji mengine, na hayo yanakuwa makali karibu mara mbili ya bahari yenyewe. Ndiyo yanayorudishwa baharini kwa bomba. Kazi ya Kamanthe ilikuwa kujua maji yale makali yakirudi baharini yanafanya nini. Sheria ilitaka awepo mtu wa kufanya hivyo, na asiwe mtu wa kiwanda. Taarifa yake ilienda moja kwa moja kwa mamlaka ya mazingira.

Kwa hiyo aliacha kazi ya taasisi, akahamia Chimbweni, akapanga nyumba ya vyumba viwili. Kila mwezi alitoka na boti na kuteremsha chombo kinachosoma chumvi na joto kuanzia juu ya maji mpaka chini. Alipima mdomoni mwa bomba, akapima mbali kidogo, kisha akaenda mbali kabisa ambako maji ya kiwanda hayafiki, ili apate cha kulinganisha. Halafu alivaa miwani ya kuzamia akashuka. Chini huko kuna nyasi, kama malisho, na ndani ya nyasi hizo wanakua samaki wadogo, pweza na majongoo ya pwani. Aliweka fremu ya mraba juu ya nyasi akaangalia zilizo hai na zilizobadilika rangi, na ni kitu gani kinaishi humo. Huyu ni mtu wa Kangundo, aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka zaidi ya thelathini.

Nilimtembelea Agosti 2018. Nyumba yake ilikuwa safi, na ilikuwa na kiti kimoja. Niliposimama na begi langu alitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi, akatoka kwenda kuazima kingine. Aliyeleta kiti alikuwa jirani yake Mejumaa, mama wa makamo aliyekuwa akikaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi kila asubuhi. Alikuja na kiti mkono mmoja na sahani mkono wa pili.

"Karibu, dada," Mejumaa aliniambia. "Huyu dada yako hana wageni. Leo nimefurahi, nimeona mtu."

Tulikula watatu. Mejumaa ndiye aliyeongea. Dada yangu alikuwa akimsikiliza huku akitabasamu, na niliona kwamba hizo ndizo dakika zake za kuwa na watu kwa siku nzima.

Haya yanayofuata hakuna aliyeyajua hapa nyumbani mpaka mwaka huu, aliponisimulia kitandani asubuhi kadhaa, kidogo kidogo, kwa sababu koo lilimchosha. Alinisimulia kwa Kikamba, na mara nyingi alikwama. Mambo haya yote alikuwa ameyasoma, ameyaandika na kuyazungumza kwa Kiingereza, hakuwahi kumweleza mtu kwa lugha ya mama. Alitafuta neno, akafumba macho, akalipata. "Munyu ni mzito," aliniambia, yaani chumvi. "Maji yakiwa na munyu mwingi yanashuka chini kama uji."

Ilikuwa Machi 2021, kipindi ambacho upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi haujaanza. Bahari hutulia sana wakati huo. Miezi mingine mawimbi huyachanganya maji ya bomba na bahari, chumvi ikapotea humo. Mwezi ule hayakuchanganywa. Kulikuwa na bonde dogo chini ya maji, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, na chombo chake kikasoma chumvi ambayo haikupaswa kuwa hapo. Alifikiri kimeharibika. Alikisafisha, akakijaribu mahali pengine, akarudi kesho yake. Ikawa vile vile. Aliposhuka alikuta nyasi zimekuwa kahawia, zimelala.

"Kulikuwa kumenyamaza," aliniambia.

Nikamwuliza, "Kwani chini ya bahari kuna kelele?"

"Kelele nyingi sana. Wale kamba wadogo wa baharini wanatatarika kama mafuta kwenye kikaango, usiku na mchana. Hapo hapakuwa na kitu, Ndinda. Nilisikia pumzi yangu peke yake."

Alipeleka habari kiwandani kabla ya kuandika taarifa, kwa sababu aliona ni vizuri wasikie kwanza kwake. Injinia wa kiwanda aliitwa Mahad, mtu wa Garissa, na dada yangu alimheshimu na hakutaka nimseme vibaya leo. Walizungumza ofisini kwake, mlango wazi.

"Madam Kamanthe," Mahad alimwambia, "tukizima hii mitambo, wiki ijayo watu watakunywa nini?"

"Sijui."

"Wewe umetoka Ukambani. Si unajua kukosa maji ni nini?"

"Najua. Nimebeba maji tangu nikiwa mdogo."

"Basi andika bado tunachunguza. Bomba refu litajengwa tu. Ni mwaka mmoja."

"Baada ya mwaka mmoja hakutakuwa na kitu cha kuchunguza," dada alisema. "Na hiyo chumvi itaendelea kusambaa mpaka penye nyasi zingine."

Mahad hakumfukuza wala hakumtisha. Alimwambia, "Fanya unachoona ni sawa. Lakini unaishi nao wewe, mimi naishi mjini."

Alikaa na taarifa ile siku kadhaa. Aliniambia kwamba alitaka kumwuliza mtu mmoja tu, mtu yeyote, kama anafanya vizuri. Alishika simu akapitia majina. Wenzake wa taasisi wangeuliza habari za vipimo, na vipimo yeye alikuwa na uhakika navyo. Bonface angemwambia arudi nyumbani. Mama alikuwa amefariki. Aliweka simu mezani, akaitia sahihi taarifa, akaituma.

Mamlaka iliamuru mitambo izimwe mpaka bomba lipelekwe nje ya mwamba, na mwisho wake utobolewe vitundu vingi ili chumvi itoke kidogo kidogo mahali ambapo maji hayatulii. Kazi hiyo ilichukua karibu mwaka. Chimbweni yote ikarudi kwenye maji ya lori. Na kijiji kizima kilijua ni nani aliyeandika.

Hakuna aliyemtupia jiwe. Hakuna aliyemtukana hata. Waliacha tu kumsalimia. Na kule Pwani, mtu asiposalimiwa ni kama hayupo kabisa. Salamu zao ni ndefu, zinaanzia kwake na kuwafikia watoto, kazi na mwili. Alipita njiani, mazungumzo yakakatika, akishapita yakaanza tena. Mwenye duka alimwekea sukari kwenye meza akageukia redio. Asubuhi ya kwanza ambayo sahani ya mbaazi haikuja, alidhani Mejumaa ni mgonjwa, akaenda kumwangalia. Mejumaa alisimama mlangoni.

"Si ugomvi, dada," alimwambia. "Bwana wangu hataki."

"Mejumaa, bonde lile ndilo mnatolea pweza. Lingekufa."

"Pweza nitakula siku moja moja. Maji ni kila siku."

Dada yangu aliponisimulia hapo, alisema, "Na alikuwa na haki." Nilitaka kubishana naye, akanizuia kwa mkono. "Alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki. Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Lori la maji lilipokuja, Kamanthe alipanga foleni na mitungi yake kama kila mtu. Angeweza kuagiza maji kutoka mjini, boti ya kazi ingempelekea. Hakufanya hivyo. Alisimama juani kati ya wanawake aliowajua kwa majina, walio mbele wamempa mgongo na walio nyuma wameacha nafasi kubwa kuliko kawaida, na akapokea maji yake akaenda. Mwezi ulipofika alienda baharini akapima. Chombo kilionyesha chumvi ikipungua, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Jioni Bonface alipiga simu akamwuliza, "Kwema huko?" Akasema, "Kwema. Na ng'ombe?"

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mngesema nirudi nyumbani," alisema. "Na ningerudi. Sasa nani angepima?"

Bomba lilikamilika na mitambo ikawashwa tena Aprili 2022. Maji matamu yakarudi kijijini. Kamanthe aliendelea. Mwaka mzima lile bonde lilikuwa mchanga mtupu. Mwaka wa 2023 zikaanza nyasi nyembamba sana, zile zinazotangulia, na baadaye zile pana zikaingia kutoka pembeni. Mwezi wa tano mwaka jana alishuka akasikia mtatariko, mdogo, upande mmoja tu wa bonde. Alinionyesha kwa kucha zake mbili jinsi ulivyokuwa, tik, tik. Alipopanda botini alimwambia mwenye boti, naye akamjibu kwamba ni vizuri, wakarudi pwani.

Ni karibu na wakati huo ambapo alifungua mlango asubuhi akakuta sahani ya mbaazi kizingitini, imefunikwa kwa kitambaa. Hakukuwa na neno. Aliosha sahani akairudisha. Mejumaa akamwuliza habari ya asubuhi, naye akajibu nzuri, na baada ya hapo sahani ikawa inakuja. Mwenye duka hakumsalimia tena mpaka alipoondoka Chimbweni. Wapo na wengine. Hakuna mkutano uliofanywa wa kumshukuru mtu, na sidhani angehudhuria.

Ugonjwa ulianza kama kitu kidogo. Juni mwaka jana ugali ulianza kumkwama. Akahamia uji, na akajiambia ni uchovu. Agosti 2024 alipimwa Mombasa, ikaonekana ni saratani ya umio. Alipiga simu, lakini safari hii hakumpigia Bonface jioni, alimpigia mchana, na Bonface akajua kabla hajasema. Alienda kumchukua. Alitibiwa Nairobi kwa mionzi na dawa mpaka Desemba, na madaktari wakatuambia kwa upole kwamba tumpeleke nyumbani. Tunawashukuru wote waliomhudumia.

Kuanzia Januari mwaka huu aliishi hapa Kithimani, katika nyumba hii mnayoiona, na mimi nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha nije kumsaidia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 2006 wao wawili kukaa chini ya paa moja zaidi ya majuma machache. Naomba niseme jambo moja ambalo shemeji ameniruhusu kusema. Siku za kwanza hawakujua la kuambiana. Bonface aliingia chumbani, akauliza kama anataka uji, akarekebisha blanketi, akakaa, akatoka. Walikuwa wenye adabu kama wageni. Nilikuwa nawaonea huruma wote wawili.

Siku ya nne au ya tano, kuku wakiwa wanaingia bandani, nilisikia simu ya dada ikilia chumbani. Akapokea. Nikamsikia akisema, "Kwema. Na huko?" Kisha akacheka, kwa sauti ile iliyobaki. Nikafikiri ni Henry kutoka Doha. Nilipotoka nje kumwaga maji nikamwona Bonface amesimama kwenye zizi la ng'ombe, mgongo kwa nyumba, simu sikioni, anamweleza mke wake kwamba yule ndama wa kahawia ameanza kula nyasi. Ilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani. Waliongea kwa muda mrefu. Kuanzia siku hiyo alimpigia kila jioni kutoka zizini, na walizungumza mambo yote ambayo walishindwa kuyazungumza wakitazamana. Sauti yake ilipokwisha, mwezi wa nne, Bonface aliendelea kupiga. Mimi nilimshikia dada simu sikioni, na yeye akagonga kwa kucha, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana.

Katika siku hizo watu wa kanisa walikuja kumwombea, na walipomwuliza alikuwa akifanya nini huko Pwani, wengi walidhani alifanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi. Alinitazama ili nijibu. Nilijibu vibaya mara ya kwanza, akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Nafikiri ilipofika Pasaka nilikuwa nimeanza kupatia.

Kamanthe alituacha Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Bonface alikuwa amemshika mkono. Hakukuwa na simu siku hiyo. Bonface alimwambia ana kwa ana alichotaka kumwambia, na mimi nikatoka nje nikawaacha. Henry alikuwa amekata tiketi ya Ijumaa. Alifika akakuta mama yake amekwisha kupelekwa mochari. Henry, mwanangu, mama yako alijua ulikuwa njiani. Nilimwambia tarehe, akagonga mara moja.

Jumanne ya juzi simu yake ililia nikiwa ninapanga nguo zake. Ilikuwa namba ya Chimbweni. Aliyepiga alikuwa Mahad, yule injinia. Alinipa pole, akasema kwamba mtaalamu aliyechukua nafasi ya dada ametoka baharini, vipimo vya mwezi huu viko tayari. Tangu Kamanthe augue walikuwa wakimtumia nakala kila mwezi, kwa sababu alikuwa ameomba.

"Sasa sijui," Mahad alisema. "Nisimamishe, ama kuna mtu wa kumtumia?"

"Nitumie mimi," nikamwambia.

"Wewe pia ni wa mambo ya bahari?"

"Hapana. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tatu, Kangundo."

"Sawa, mwalimu," akasema. "Basi nitakuwa naandika na maelezo."

Marehemu ni mke wa Bonface Nthiwa, mama wa Henry, binti ya marehemu Ngui na marehemu Mutindi, dada ya Justus na Ndinda, shangazi wa watoto wa Justus, mama mkubwa wa wanangu, na mwalimu wa wengi wenu. Ameacha pia jirani, Mejumaa wa Chimbweni, ambaye hakuweza kusafiri lakini amepiga simu kila siku tangu Jumatano ile, na kila siku ameuliza habari zetu mmoja mmoja, kwa majina.

Vipimo vya mwezi huu vilifika jana jioni. Chumvi kwenye bonde ni sawa na ya mahali pengine.

Dada yetu Kamanthe, umefika nyumbani, na watu ni wengi. Lala kwa amani.